Dawa za bei nafuu kutoka ng'ambo ya mpaka: je, mfuko wa diakonia uzilipie?



Katika vikao vyetu vya robo hii na kamati za sharika, swali moja limejirudia, hasa kutoka Mjimwema na mitaa iliyo jirani na barabara kuu. Swali lenyewe ni hili: "Wagonjwa wetu wa presha na kisukari wanasema dawa zao zinapatikana Nakonde, upande wa Zambia, kwa bei ya chini kuliko hapa. Je, kamati ya diakonia inaweza kukusanya vyeti vyao, ikamtuma mtu mmoja avuke mpaka, akanunue za miezi mitatu kwa fedha za mfuko?"

Swali hili ni la haki. Anayeuliza si mtu wa magendo. Ni mzee wa kanisa anayemwona jirani yake akimeza kidonge siku moja na kuruka siku mbili ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tumeona vema tulijibu kwa kirefu.

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba mfuko wa usharika usitumike kununua dawa za namna hiyo. Lakini "hapana" peke yake haimsaidii mgonjwa. Kwa sababu hiyo, sehemu ya pili ya makala haya inaeleza njia halali za kupata dawa kwa gharama nafuu hapa hapa mkoani, na namna kamati inavyoweza kuzitumia.

Kwa nini swali hili linatoka kwetu

Makambako ni njia panda. Barabara ya TANZAM inatoka Dar es Salaam, inapita hapo kwenda Mbeya na kufika Tunduma, mpakani na Zambia. Reli ya TAZARA nayo ina kituo Makambako. Ukifika Uyole, kabla ya kuingia Mbeya mjini, unaweza kukata kushoto kupitia Tukuyu hadi Kasumulu, mpakani na Malawi. Kutoka Njombe hadi Makambako ni kama kilomita 60 tu. Kila siku madereva wa malori, wafanyabiashara wa viazi na wa mbao wanakwenda na kurudi katika njia hizo. Kumwagiza mmoja wao kopo la dawa ni jambo jepesi kama kumwagiza sukari.

Aidha, mkoa wetu una mzigo mkubwa wa magonjwa yanayohitaji dawa za kila siku. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022–2023 uliuweka Njombe juu kuliko mikoa yote, kwa maambukizi ya asilimia 12.7 ya watu wazima. Juu ya hilo kuna presha, kisukari na kifafa. Mkulima wa viazi hupata fedha kwa msimu, lakini presha haina msimu. Hapo ndipo bei ya upande wa pili inapoanza kuvutia.

Kwa nini bei inaweza kuwa chini

Watu wengi hudhani kuwa bei ikiwa chini sana dawa ni mbovu, na ikiwa juu ni nzuri. Mambo si rahisi hivyo. Bei inaweza kutofautiana kwa sababu halali kabisa. Nchi moja inatoza kodi na ada tofauti na nyingine. Thamani ya fedha nayo hubadilika: Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, na tangu siku hiyo mwenye shilingi mkononi aliona vitu vingi vya Malawi kuwa rahisi, ingawa Wamalawi wenyewe waliona maisha yamepanda. Pia dawa ileile ya asili moja hutengenezwa na viwanda vingi, na viwanda havilingani kwa bei.

Hata hivyo, ziko sababu nyingine ambazo si halali. Dawa inaweza kuwa imekaribia kuisha muda wake, au imekwisha na tarehe imefutwa. Inaweza kuwa bandia. Na inaweza kuwa imeibwa. Hili la mwisho si la kukisia. Mei 2025 Balozi wa Marekani nchini Zambia alitangaza kwamba nchi yake itapunguza msaada wa dawa wa dola milioni 50 kwa mwaka, kwa maelezo kwamba dawa zilizotolewa bure kwa wagonjwa wa Zambia zilikuwa zikiibwa na kuuzwa madukani. Kwetu pia tatizo hili linajulikana, ndiyo maana dawa za serikali zinazosambazwa na Bohari ya Dawa huwekewa alama ya GOT, ili zikionekana kwenye duka la mtu zitambulike. Basi kamati inayonunua dawa ya bei ya kutupa bila kujua imetoka wapi yaweza kuwa inanunua dawa aliyonyang'anywa mgonjwa mwingine maskini.

Usalama wa dawa uko katika mnyororo wake

Tukitaka kulielewa jambo hili vizuri, tufuate safari ya kidonge kimoja. Kiwanda hukitengeneza na kukipa namba ya toleo. Kabla hakijauzwa nchini, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hupitia taarifa zake na kukisajili. Namba ya usajili huanza na herufi TAN. Mamlaka hii ndiyo iliyokuwa TFDA tangu mwaka 2003 hadi jina lilipobadilika mwaka 2019. Mwagizaji mwenye kibali hukiingiza kupitia kituo kinachotambuliwa, wakaguzi hukiangalia, kisha kinakwenda ghala la jumla, famasi, na mwishoni kwa mgonjwa. Katika kila hatua kuna karatasi yenye jina, tarehe na namba ya toleo.

Faida ya karatasi hizo huonekana siku tatizo linapotokea. Mamlaka ikigundua kwamba toleo fulani lina kasoro, hutangaza liondolewe sokoni. Famasi huangalia vitabu vyake na kulirudisha. Sasa fikirini dawa iliyonunuliwa Nakonde na kuletwa Mjimwema katika begi la dereva. Zambia nayo ina mamlaka yake ya dawa, inayofanya kazi kama yetu. Ikitangaza kwamba toleo lile liondolewe, tangazo litafika maduka ya Zambia. Nani atamjulisha mama wa Mjimwema anayemeza kidonge hicho kila asubuhi? Hakuna, kwa sababu hayumo katika kitabu cha mtu yeyote.

Kwa mantiki hiyo, hatusemi kwamba dawa za Zambia au Malawi ni mbaya. Nchi za kusini mwa Afrika zinashirikiana katika kutathmini dawa: Zambia, Zimbabwe, Botswana na Namibia zilianza mwaka 2013 kupitia maombi ya usajili kwa pamoja, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizojiunga baadaye. Tunachosema ni kwamba dawa njema ikitoka katika mnyororo wake haina tena wa kuidhamini. Nje ya mnyororo, njema na mbaya hufanana.

Hata katika nchi tajiri watu huvuka mpaka kutafuta dawa. Mwaka 2019 wagonjwa wa kisukari wa Marekani walifunga safari ya pamoja hadi Kanada kununua insulini, kwa sababu kwao bei ilikuwa imepanda mno. Lakini walikwenda wenyewe, wakanunua katika famasi yenye leseni, mbele ya mfamasia, dawa ya kiwanda wanachokijua. Walivuka mpaka bila kuukata mnyororo. Mzigo wa begi hauko hivyo.

Yaliyokwisha kutokea

Mifano mitatu inatosha.

Wa kwanza ni wa nchini kwetu. Mwaka 2009 Metakelfin bandia, dawa ya malaria iliyokuwa ikijulikana sana, ilikutwa katika famasi 40 za Tanzania. Ilikuwa na kiambato hai pungufu. Hii inatukumbusha kwamba duka lenye leseni nalo laweza kudanganywa. Lakini pia inaonyesha kwamba kwa kuwa zilikuwa famasi zenye leseni, ziliweza kufikiwa na kukaguliwa.

Wa pili ni wa jirani zetu wa mashariki ya Kongo. Kati ya mwisho wa mwaka 2014 na mwaka 2015, huko Ituri, zaidi ya watu 1,000, wakiwamo watoto wengi, walifika vituo vya afya wakiwa na shingo, uso na ulimi vilivyokakamaa na kupinda. Mwanzoni ilidhaniwa ni ugonjwa wa kuambukiza. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepam vilikuwa haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili. Baadhi ya wagonjwa walikufa.

Wa tatu ni wa Gambia. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji za kikohozi na mafua za watoto zilizoingizwa kutoka India, ambazo zilikutwa na kemikali zenye sumu kwa figo. Watoto wasiopungua 66 walihusishwa na vifo hivyo.

Katika mifano yote mitatu, mzazi au mgonjwa hangeweza kujua kwa macho. Rangi ilikuwa sawa, na kopo lilikuwa zuri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kati ya dawa 10 moja ni duni au bandia.

Magonjwa ambayo hasara yake haionekani upesi

Mtu akimeza dawa bandia ya maumivu atajua jioni ileile. Lakini dawa ambazo kamati zimetuuliza ni zile ambazo kosa lake huchelewa kuonekana.

Presha haiumi. Mgonjwa anayemeza kidonge kisicho na kitu ndani hujisikia vizuri hadi siku anapopata kiharusi. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kutunzwa katika nyuzi joto 2 hadi 8. Ikisafiri siku nzima juu ya dashibodi ya lori hupoteza nguvu bila kubadilika sura. Mgonjwa wa kifafa aliyezoea dawa moja anaweza kuanza kuanguka tena akibadilishiwa ghafla aina au nguvu ya vidonge. Dawa pungufu za kuua bakteria hazimponyi mgonjwa, na zaidi ya hapo huwafundisha vimelea usugu, ambao baadaye unakuwa tatizo la kijiji kizima.

Kuhusu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI tunapenda kusema wazi zaidi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha kwa muda misaada yake ya nje, hofu ya kukosa dawa ilienea katika nchi nyingi. Hofu ya namna hiyo ndiyo inayomfanya mtu anunue akiba mahali popote. Dawa hizi hutolewa bure katika vituo vya tiba na matunzo, na mgonjwa ambaye hali yake ni imara anaweza kupewa za miezi kadhaa kwa pamoja. Anayesafiri kwa kazi ya mbao au ya udereva azungumze na kituo chake kabla ya kuondoka. Dawa ya namna hii ikionekana inauzwa, ama imeibwa ama ni ya kutiliwa shaka.

Sheria inasemaje

Uingizaji wa dawa kwa ajili ya wengine unasimamiwa na Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, na unahitaji kibali. Msafiri aliyebeba dawa zake mwenyewe, kiasi cha matumizi yake, pamoja na cheti cha daktari, ni jambo tofauti. Lakini mtu anayebeba dawa za wagonjwa 20 kwa niaba ya usharika, machoni pa sheria hana tofauti na mfanyabiashara asiye na kibali, hata kama hana faida ya shilingi moja. Baadhi ya dawa, kama diazepam na fenobabitoni ya kifafa, zinadhibitiwa kwa ukali zaidi, na kuzivusha bila kibali ni hatari kubwa kwa aliyetumwa. Si haki kamati imtume kijana wake katika hatari hiyo.

Njia za nafuu zilizo halali

Kwanza, jina halisi la dawa. Mgonjwa amwombe daktari aandike jina halisi badala ya jina la biashara, kwa mfano amlodipini au metifomini. Famasi moja inaweza kuwa na dawa ileile ya viwanda vitatu kwa bei tatu, zote zikiwa zimesajiliwa. Mara nyingi nafuu inayotafutwa Nakonde iko kwenye rafu ya pili ya famasi ya mjini.

Pili, kuomba dawa zipitiwe upya. Wako wazee wanaomeza dawa za aina tano zilizoandikwa na vituo vitatu tofauti. Daktari akizipitia, huenda moja au mbili zikaondolewa au kubadilishwa kwa zenye gharama ndogo. Mgonjwa asiziache mwenyewe.

Tatu, misamaha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka misamaha ya gharama kwa mama wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na matibabu ya kifua kikuu na UKIMWI ni bure. Wengi hawapati haki hiyo kwa kukosa barua na utambulisho. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ndiyo mahali pa kuanzia.

Nne, bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kamati iulize katika halmashauri yake utaratibu unaotumika sasa na namna kaya zisizo na uwezo zinavyotambuliwa.

Tano, vituo vya kanisa na ghala zisizo za faida. Hospitali kama ya Kilutheri Ilembula hazinunui dawa kopo moja moja. Hununua kwa wingi katika vyanzo vinavyotambuliwa. Bohari ya Dawa ni kimojawapo. Shirika la action medeor la Ujerumani, lisilo la faida, nalo lina ghala Dar es Salaam na Makambako kwa ajili ya kuhudumia vituo vya afya. Mtu binafsi hanunui katika ghala hizo, lakini zahanati ananunua. Maana yake ni kwamba usharika ukitaka wagonjwa wake wapate dawa nafuu, unaweza kuzungumza na zahanati iliyo karibu ili dawa za presha na kisukari ziagizwe mapema kwa idadi inayojulikana. Agizo la wagonjwa 40 wanaojulikana lina uzito kuliko malalamiko ya mmoja mmoja.

Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia kwa majirani zetu wa Ruvuma mwaka 2003, yamesaidia sana vijijini. Lakini yanaruhusiwa kuuza dawa kadhaa tu za cheti. Muuzaji akikataa kutoa dawa isiyo katika orodha yake, asilaumiwe. Anafanya kazi yake.

Mambo ambayo kamati inaweza kufanya

1. Kuandaa orodha ya wagonjwa wanaohitaji dawa za kila siku, kwa hiari yao na kwa siri. Orodha ishikwe na mtu mmoja au wawili tu, na isisomwe ibadani.

2. Kutumia mfuko wa diakonia kulipia nauli ya kliniki, bima au deni la dawa katika kituo kinachotoa risiti. Malipo yaende kwa kituo, yasiende kwa mchuuzi.

3. Kuwafundisha waumini kuangalia vitu vinne kila wanaponunua: leseni iliyobandikwa ukutani, jina na nguvu ya dawa, namba ya toleo, na tarehe ya kuisha muda. Kisha wadai risiti na kuitunza pamoja na kopo.

4. Kuwaambia wanaosafiri kwamba wakiishiwa dawa wakiwa upande wa pili, waende kituo cha afya au famasi yenye leseni, wabebe cheti, na waepuke masoko na meza za barabarani. Wakirudi, wamwonyeshe daktari wao kopo na risiti.

5. Kutowakemea waliokwisha kununua. Mtu akiaibishwa ataficha, wala hatazitupa. Aombwe kuzipeleka kituoni zikaangaliwe. Asiache dawa ghafla kabla ya kupewa nyingine.

6. Kutoa taarifa pale dawa inapoleta madhara au kutiliwa shaka. Kituo chochote cha afya kinaweza kuipeleka taarifa hiyo TMDA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya.

Neno kwa marafiki na wafadhili wetu

Wapendwa, mpaka si Tunduma na Kasumulu pekee. Uwanja wa ndege nao ni mpaka. Kwa miaka mingi wageni wetu wamekuja na masanduku yenye dawa, kwa upendo mkubwa. Lakini yale tunayowaambia wazee wa Mjimwema lazima tuwaambie na ninyi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, inataka dawa ziwe zimeombwa na anayepokea, ziwe zinaruhusiwa katika nchi yake, ziwe na maelezo katika lugha inayoeleweka, na kwa kawaida ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Vidonge vilivyobaki nyumbani kwa mgonjwa wa Ulaya havikidhi hata moja ya masharti hayo.

Msaada unaofaa zaidi ni ule unaokiwezesha kituo kununua hapa hapa, katika vyanzo vinavyotambuliwa, dawa ambazo wagonjwa wamekwisha kuzizoea na ambazo zitaendelea kupatikana mgeni akishaondoka. Friji ya kutunzia insulini, au mtaji wa kuanzia wa dawa za presha katika zahanati moja, utadumu kuliko masanduku kumi.

Tunaziomba kamati zote zijadili makala haya katika kikao kijacho na kutuletea kabla ya mwisho wa robo idadi ya wagonjwa wanaohitaji dawa za kila siku, bila majina yao, pamoja na zahanati au kituo kilicho karibu nao. Idadi hiyo ndiyo tutakayoitumia kuzungumza na vituo kuhusu maagizo ya pamoja. Hadi sasa dereva wa lori amekuwa ndiye famasi ya wengi kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza. Hilo liko ndani ya uwezo wetu kulibadilisha.